Butoyi Ndiye Anayeanguka

Sehemu ya pili ya filamu ya Joho nimeiona kwa mara ya kwanza juzi, kwenye simu ya binti yangu, na neno langu ni moja: wameiharibu. Mtu anaruka kutoka ghorofani na hakuna kamba. Mvua inanyesha na huoni bomba wala gari la maji. Yule mzee wa kofia, aliyekuwa akipaza sauti mara moja watu wote wanaganda, hayumo kabisa. Niliikodolea macho ile simu mpaka majina yakaanza kupanda, nikimngoja mtu mmoja atokee, na hakutokea. Binti yangu akaniuliza, "Mama, mbona unatazama kama umepoteza kitu humo?" Nikamwambia namtafuta pacha wake Joho. Akacheka mpaka akashika tumbo, akasema Joho hana pacha. Sikumlaumu, yeye kazaliwa mjini na kila kitu amekikuta kimeshatengenezwa.

Wenzangu mliokulia Kasulu enzi za deki na jenereta mtanielewa. Banda la video la Zabroni lilikuwa nyuma ya soko, kuta za mabanzi, bati juu, mabenchi yasiyo na mgongo. Mpaka leo nikisikia harufu ya petroli ikichanganyika na karanga za kukaanga, mate yananijaa mdomoni na nataka kukaa chini. Sakafu ilikuwa udongo mwekundu, na kabla ya onyesho aliunyunyizia maji ili vumbi litulie, kwa hiyo tulirudi nyumbani na matope nyuma ya magauni yetu na hatukuweza kumdanganya mtu tulikotoka.

Zabroni mwenyewe alikaa kando ya televisheni na maiki mkononi, akitafsiri. Nikisema kutafsiri nampunguzia sifa. Filamu ilisema chake na Zabroni alisema chake, na chake kilikuwa kitamu zaidi. Kiingereza chake alikipata wapi hakuna aliyewahi kumuuliza, kama vile humuulizi mpishi alikopata chumvi. Aliongea Kiswahili cha redioni mpaka mapigano yalipopamba moto, hapo Kiha kilimtoka chenyewe, na banda zima likamjibu kwa Kiha.

Sehemu ya kwanza ya Joho alituonyesha mara nyingi hadi tuliijua kwa moyo. Joho tulimwita hivyo kwa sababu ya joho lake la manjano, jina lake la kweli lilikuwa gumu. Filamu iliishia pabaya: daraja linaanguka, Joho yuko chini ya vyuma, joho limechanika, kidole kimoja tu kinatikisika. Basi, mwisho. Tulibishana tangu maharage yanapandwa mpaka yanavunwa. Kafa, hajafa. Dada yangu alisema kafa. Mimi nilisema mtu mwenye kidole kinachotikisika hazikwi.

Na hapa niwaeleze kuhusu dada yangu. Kwetu Buha ukijaliwa pacha huhangaiki na majina. Wa kwanza kutoka ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, wawe wa kiume, wawe wa kike. Mimi ni Butoyi. Tulifanana kiasi kwamba baba alituita kwa majina yote mawili kwa mpigo ili asikosee. Lakini kufanana si kuwa sawa. Mama aliitwa Mama Bukuru, hakuna hata mtu mmoja aliyemwita Mama Butoyi. Bukuru alitangulia kusalimiwa, alitangulia kuoga maji yakiwa bado moto, alitangulia kwenye mstari wa shule. Kukosa kwangu hakukuwa kukosa chakula wala nguo, maana pacha hupewa sawa na mama alikuwa mkali kwa hilo. Nilikosa kuwa wa kwanza, na liliniuma, tena sana.

Basi siku moja mfanyabiashara aliyekuwa akienda Manyovu na kurudi akaleta sehemu ya pili. Kwenye karatasi ya kasha, Joho mzimamzima, joho jipya, mawingu nyuma yake. Habari zilifika mbali. Jumapili baada ya ibada banda lilifurika, na wapo waliotoka Rungwe Mpya kwa baiskeli, jasho linawatiririka, wamevaa mashati ya kanisani. Zabroni akawasha jenereta, akaingiza sidii, akashika maiki, akasema, "Ndugu zangu, leo mtajua kama mtu anakufa au hafi."

Ikatokea picha ya Joho amekaa kwenye kiti, hana joho, amevaa shati la kawaida, anaongea, na anaongea bila kukoma. Mimi nilikuwa benchi la mbele na nilimwona Zabroni akitazama kioo, kisha akitazama watu, kisha kioo tena.

"Hapa," akasema, "Joho yuko polisi. Anatoa maelezo."

Watu wakaguna, wakaelewa. Ilikuwa haki, daraja zima lilianguka, lazima polisi waulize. Kumbe ile sidii haikuwa na filamu. Ilikuwa na mambo ya nyuma ya filamu tu, namna walivyoitengeneza, mwanzo mpaka mwisho. Sisi tungejuaje? Tuliona chumba kikubwa kama uwanja, kuta zake zote zimefunikwa kitambaa cha kijani. Zabroni akatuambia ndiyo nchi ya adui, nchi isiyo na mti wala nyumba. Tukaona mji mdogo umepangwa juu ya meza, maghorofa yanafika kiunoni, na mtu mwenye miwani anayapaka rangi. "Mji umelaaniwa," Zabroni akasema, "umesinyaa." Tukaona mwanamke amejifungia chumbani anavunja mabua na kupigapiga kabichi mbele ya maiki, ile sauti inayowekwa watu wanapovunjana mifupa. Huyo alikuwa mama mzazi wa Joho, anapika kwa hasira kwa sababu mwanaye kapotea. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Yoo, pole mama," na alimaanisha.

Adui mkuu alikuwa mzee wa kofia. Alikaa kwenye kiti cha kukunja, ana vitu masikioni, na kila alipopaza sauti watu wote walisimama walivyo. Joho alisimama, feni kubwa iliyokuwa ikipeperusha joho lake ilizimwa, hata mvua ya bomba ilikatika. Sijawahi kumwogopa adui wa filamu kama nilivyomwogopa yule mzee, na hakuwa hata na fimbo.

Ndipo wakatokea wawili. Joho huyu hapa anakunywa chai chini ya mwavuli, na Joho mwingine yule pale, joho lile lile la manjano, viatu vile vile, anafungwa kamba kiunoni na watu wanne. Banda likalipuka. Wako wawili! Zabroni akainuka kwenye kigoda. Nadhani hata yeye hakujua atasema nini mpaka alipofungua mdomo.

"Mnaona? Mnaona? Joho ni pacha! Huyu wa mwavuli ni Bukuru. Huyu wa kamba ni Butoyi!"

"Egooo!" banda likaitikia, na watu wakageuka kunitazama mimi na dada yangu.

Sitasahau dakika zile. Butoyi akavutwa juu kwa kamba, akaachiwa, akaanguka kwenye magodoro. Akapanda tena. Akapita kwenye moto, akatoka anafuka moshi, akainua kidole gumba. Aliporidhika kwamba kamba inashika, ndipo Bukuru alipoweka chai chini, akaja akasimama mahali pale pale, akatabasamu, akapigwa picha. Zabroni alikuwa anatokwa na povu. "Butoyi ndiye anayeanguka! Bukuru ni uso, Butoyi ni mwili! Bila Butoyi, Bukuru alishakufa darajani!"

Nilitoka bandani mrefu kuliko nilivyoingia. Nilikuwa nimepata jibu la maisha yangu. Kumbe ndivyo dunia ilivyopangwa: mmoja anaonekana na mwingine anaijaribu kamba, na yule anayeijaribu ndiye mwenye kazi. Njiani nilimwambia Bukuru, "Umesikia?" Akasema amesikia. Hakubisha, na yeye alikuwa mbishi.

Mvua za masika zilipoanza Bukuru alishikwa tena na koo. Ulikuwa ugonjwa wake wa siku zote: homa, hawezi kumeza, usiku anakoroma kama mtu mzima. Safari hii hospitalini wakasema mafindofindo yamekuwa makubwa, yanaziba pumzi, lazima yakatwe. Mama akarudi nyumbani na neno hilo, "kukatwa", akaliweka mezani na ugali.

Muelewe tulivyolisikia sisi. Jirani yetu alikuwa na mtoto aliyekatwa kimeo nyumbani, na mzee aliyekuja na kiwembe na uzi. Yule mtoto tulicheza naye mdako asubuhi, na wiki ile ile tukaimba kwenye msiba wake. Kwa hiyo mtu akituambia koo litakatwa, sisi tulijua moja tu linalofuata. Bukuru hakulia. Aliacha kuongea, na jioni akanipa shanga zake za bluu bila mimi kuomba. Zile shanga ndizo zilizonitisha kuliko yote.

Tulikwenda hospitali wote watatu, kwa sababu mama hakuwa mtu wa kutenganisha pacha, na wauguzi walilijua hilo wakatupa kitanda kimoja. Wakamfunga Bukuru plasta kwenye mkono, imeandikwa jina lake kwa kalamu. Walisema asubuhi asile chochote. Mimi nami nikakataa uji, mama akadhani ni huruma ya pacha.

Kulipopambazuka mama alikwenda bombani kunawa. Bukuru alikuwa macho, anatazama dari. Nikamshika mkono, nikaibandua ile plasta taratibu, nikajibandika mimi. Alinitazama muda wote. Akajifunika blanketi mpaka kichwani.

Akaja Sista Anjela na kitanda cha magurudumu. Alikuwa Muha wa pale pale Kasulu, mnene, mwenye kicheko cha karibu, akatuamkia kwa Kiha.

"Mwakeye wanangu. Bukuru yuko wapi?"

"Mimi hapa," nikasema.

Akaisoma plasta, akanipandisha. Nitawaambia ukweli, njia nzima nilikuwa naogopa. Miguu ilikuwa baridi na nilikuwa nawaza yule mtoto wa jirani. Nilijua ninachokwenda kufanya na nilijua naweza nisirudi, na nilikuwa nimeshaamua, maana mimi ndiye Butoyi na kazi ni yangu. Kisha mlango ukafunguka na woga wote ukaniishia.

Kitambaa cha kijani! Ukutani kilining'inia cha kijani, kitanda kimetandikwa kijani, watu wamevaa kijani mpaka kofia. Taa kubwa ya mviringo juu, feni pembeni, kamba nyembamba imening'inia kwenye chuma na chupa ya maji. Na katikati mzee mwenye kofia, vitu vya kusikilizia vimemning'inia shingoni, anasema neno moja wote wanasimama. Nilikuwa nimefika kule kule. Filamu zinatengenezwa Kasulu, nikajiambia, na hatukuambiwa.

Daktari yule alikuwa mtu wa Tanga, aliyepangiwa kazi kwetu, na Kiswahili chake kilikuwa laini mno masikioni mwetu.

"Haya mwanangu, fungua kinywa nitazame mara ya mwisho. Sema aaa."

Nikasema aaa. Akamulika. Akazima, akawasha tena, akamulika.

"Sista," akasema, "jana koo hili lilikuwa limeziba. Leo liko wazi kama la mwimbaji. Huyu mmempa dawa gani usiku?"

Kabla Sista Anjela hajajibu, tulisikia kelele kwenye korido. Miguu peku inakimbia, mama anakimbia nyuma yake, na sauti ya kukwaruza ya mtu mwenye koo bovu: "Siye! Huyo siye! Bukuru ni mimi!" Akafika mlangoni, nguo imepinda, machozi na makamasi vimechanganyika. Mzee wa kofia akanitazama mimi, akamtazama yeye, na kwa mara ya kwanza ni yeye aliyeganda.

"Kwa nini umekuja wewe?" akaniuliza. Hakunifokea. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Mimi ni Butoyi," nikamjibu. "Mimi ndiye ninayeanguka."

Hakuelewa, maskini, angeelewaje. Lakini Sista Anjela alikuwa ameshaweka mkono mdomoni, mabega yanamcheza. "Dokta," akasema, "huyu mtoto ametoka kwa Zabroni." Akamweleza kwa kifupi: banda, pacha wa Joho, kamba. Nilisubiri wacheke, na kama wangecheka ningekufa kwa aibu. Daktari hakucheka. Alivuta kiti akakaa, uso wake ukawa sawa na wangu.

"Basi umeshaijaribu kamba," akasema. "Si ndivyo? Nenda kamwambie mwenzio ulichokiona."

Mama alikuwa mlangoni, kamshika Bukuru na kanga yote imemdondoka begani. "Mwana wanje, mwana wanje," ndiyo maneno aliyokuwa nayo, na sikujua mwanaye anayemwita ni mimi au dada yangu. Nikashuka, nikaenda.

"Nimeingia," nikamwambia Bukuru. "Ni kule kule. Kitambaa cha kijani kipo. Taa ipo, feni ipo. Mzee wa kofia yupo, lakini wa kwetu ni mpole."

Alipangusa pua kwa kiganja. "Na kamba?"

"Nimeiona. Ni nyembamba lakini inashika."

Alifikiri kidogo. Kisha akavuta pumzi, ile pumzi yake ya kukwama, akanipita, akakipanda kile kitanda mwenyewe bila kushikwa. Mlango ukafungwa. Mimi na mama tulikaa kwenye benchi la korido, na muda ule wote mama alinishika mkono wenye plasta ya jina la mwanawe mwingine, hakuibandua. Nilikuwa na uhakika. Ninasema hivi nikiwa mtu mzima anayejua sasa mambo gani huenda vibaya kwenye vyumba vile: sikuwa na wasiwasi hata kidogo, maana nilikuwa nimetoka humo.

Akarudi. Alirudi amelala, mdomo wazi, anapumua bila kukoroma, na mama alipousikia ule ukimya wa pumzi yake ndipo alipolia. Siku zilizofuata Bukuru hakuweza kuongea, alikunywa maziwa baridi na kuonyesha kwa vidole, na mimi nikawa Zabroni wake. Alikunja uso, nikasema anataka mto. Aliinua mkono, nikasema anawasalimu nyote na anaomba nami nipewe maziwa. Hayo ya mwisho niliyaongeza.

Miaka ilikwenda. Nilipokuwa sekondari mwalimu mmoja alitueleza kuhusu watu wanaoanguka kwa niaba ya waigizaji, ajira kabisa, si pacha wala ndugu. Darasa zima lilishangaa jinsi nilivyokataa. Baadaye nilimkuta Zabroni, anauza vioo na chaja za simu pale pale nyuma ya soko, mvi zimeanza. Nikamuuliza kama siku ile alijua kuwa ile si filamu.

"Nilijua Joho alipokaa kwenye kile kiti," akasema.

"Sasa mbona hukusema?"

"Binti, watu wametoka Rungwe Mpya na baiskeli. Nawaambiaje warudi bila kujua kama mtu kafa au hajafa?" Akafuta kioo cha simu kwa shati lake. "Na si alikuwa hajafa?"

Bukuru sasa yuko Kibondo, ana duka la vitambaa na sauti kubwa isiyoendana na koo lile. Juzi, majina yalipokwisha kupanda kwenye simu ya binti yangu, nilimpigia.

"Nimeiona sehemu ya pili," nikamwambia. "Ile yenyewe ya watu wote."

"Ehe. Ikoje?"

"Wanaruka tu. Hakuna kamba, hakuna kitambaa cha kijani. Joho yuko peke yake mwanzo mpaka mwisho."

Nilisikia mteja wake akiuliza bei, na yeye akimwambia asubiri kwanza, anaongea na mdogo wake.

"Butoyi hayumo?"

"Hayumo."

"Basi hiyo siyo," Bukuru akasema. "Wamekupa sidii mbovu."